Mtoto Akitengwa Nyumbani: Mzazi Ajue Nini

Wazazi wanaotuletea kijana anayevutiwa na watu wa jinsia yake, hapa kitengo cha afya ya akili Kigoma, wengi huanza na swali moja: ana ugonjwa gani? Wengine wameshapita kwa mganga, wengine wameshamwombea. Hana ugonjwa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuondoa mvuto huo kwenye orodha ya maradhi mwaka 1973, Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1990. Hatuna dawa ya kuwapa kwa sababu hakuna cha kutibu.

Kinachonitia hofu ni yanayofuata nyumbani. Mama mmoja wa Ujiji, ambaye ameniruhusu nieleze, alisimulia kwamba mwanawe alitengewa sahani na kikombe, wadogo zake wakakatazwa kulala naye chumba kimoja, na harusi ya dada yake akaambiwa asionekane. Nia ilikuwa kumrudi. Kijana akawa halali wala hali, kisha akaanza kugawa nguo zake kwa rafiki zake. Sisi wa kazi hii tukisikia mtu anagawa vitu vyake hivyo, tunashtuka, kwa sababu huenda anafikiria kujiua.

Mwaka 2009 Caitlin Ryan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco na wenzake walichapisha utafiti wa vijana 224 wa aina hiyo, wenye miaka 21 hadi 25. Waliwauliza mambo haya haya: matusi ya ndugu, kuachwa nje ya shughuli za familia, kukatazwa marafiki. Waliokataliwa sana na familia walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa kabisa. Walikuwa Wamarekani, ndiyo, na takwimu za namna hii peke yake hazithibitishi chanzo. Lakini zinafanana mno na ninayoyasikia kwa vijana wa huku.

Simwambii mzazi aache dini yake. Namwambia kijana ale na wenzake, alale kwao, ahudhurie harusi na msiba kama ndugu wengine, na siri yake isifike kwa majirani. Akianza kutaja kufa, asiachwe peke yake hata dakika. Sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge viondolewe ndani, naye aletwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.