Tundu la Sentimita 10: Maisha ya Meli Oceanos

Vijana ninaowafundisha uhandisi wa mitambo ya meli hapa Tanga huniuliza mara kwa mara ni umri gani meli haifai tena kubeba abiria. Huwa siwajibu kwa idadi ya miaka. Huwaeleza habari za Oceanos, meli ya watalii iliyozama ikiwa na miaka 39 tangu ishushwe majini, kwa sababu ndani yake swali lao linajibiwa vizuri zaidi kuliko ninavyoweza kulijibu mimi.

Ilishushwa majini mwaka 1952 huko Bordeaux, Ufaransa, ikiitwa Jean Laborde. Ilijengwa pamoja na wenzake watatu, La Bourdonnais, Ferdinand de Lesseps na Pierre Loti, kwa safari za Marseille hadi Madagaska, Réunion na Morisi, ikibeba abiria na shehena pamoja. Ni chombo kilichoumbwa kwa ajili ya bahari yetu hii. Mwaka 1970 iliuzwa kwa Wagiriki, ikabadilishwa jina mara kadhaa, na kuanzia 1976 ikawa Oceanos.

Ugeuzaji wa meli ya namna hiyo ndio sehemu ambayo abiria haioni. Mahali palipokuwa ngama, yaani sehemu ya chini ya kuwekea shehena, panatakiwa vyumba vya kulala, na kila chumba kinadai choo, bafu, umeme na hewa baridi, yaani mabomba na nyaya ambazo mjenzi wa kwanza hakuzitengea njia. Fundi hana budi kutoboa. Na anachotoboa mara nyingi ni kiambaza, ule ukuta wa chuma unaoigawa meli vipande vipande ili maji yakiingia chumba kimoja yasihamie cha jirani. Katika jahazi, pale Sahare hapa Tanga, uvujaji haujifichi: popote maji yapenyapo hukusanyika chini, baharia akayaona na kuyafua, yaani kuyateka na kuyamwaga nje. Katika meli kubwa tundu hukaa kimya nyuma ya mbao za urembo, na mmiliki mpya hununua meli pamoja na matundu ya wote waliomtangulia.

Tarehe 3 Agosti 1991 Oceanos iliondoka East London, Afrika Kusini, kuelekea Durban, katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Usiku huo bomba la maji ya bahari lilipasuka karibu na jenereta, chumba kikafurika, umeme ukazimika, na meli ikabaki ikisukumwa na mawimbi. Hata hivyo, chumba kimoja kujaa maji si lazima kuizamishe meli. Kilichoizamisha ni tundu la kama sentimita 10 katika kiambaza kilichotenganisha jenereta na tangi la maji machafu, pamoja na valvu za kuzuia maji yasirudi nyuma ambazo zilikuwa zimeondolewa kwa matengenezo. Maji yalipita tunduni, yakaingia tangini, kisha yakapanda kwa mabomba yale yale ya vyoo na mabafu hadi sitaha za juu, yakitokea vyumbani mwa watu. Namshukuru Mungu kwamba watu wote 571 waliokolewa, wengine kwa mashua za kuokolea na wengine, zaidi ya 200, kwa helikopta za jeshi la anga la Afrika Kusini. Mchana wa tarehe 4 meli ikazama karibu na Coffee Bay.

Miaka michache iliyopita nilikagua meli ndogo ya abiria, kuukuu lakini iliyopakwa rangi vizuri. Nyuma ya stoo ya magodoro niliona nyaya tatu zikipita kwenye kiambaza, na kuzunguka nyaya hizo rangi ilikuwa nyeupe na laini kama ukuta mzima. Nilibonyeza kwa kidole, kidole kikazama: tundu lilikuwa limezibwa kwa kitambaa, kisha likapakwa rangi. Tulivuta nyaya, tukachomelea kipande cha bomba tunduni, tukazirudisha humo na kujaza nafasi iliyobaki kwa kizibo maalumu kisichopitisha maji wala moto. Kazi nzima ilichukua asubuhi moja.