Uanzishaji wa obijekti katika Kotlin

Uanzishaji wa obijekti ni hatua ambayo programu hutenga nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta kwa ajili ya obijekti mpya, yaani kifurushi cha data pamoja na kazi zake, kisha huzipa sehemu zake thamani za kwanza, ili obijekti hiyo ianze kutumika ikiwa kamili.

Tuchukue programu ya simu ya SACCO mjini Mbale. Klasi ya Akaunti, yaani kiolezo cha kutengenezea obijekti za akaunti, inaeleza kwamba kila akaunti ina namba, jina la mwanachama na salio. Mwanachama anapojiunga kwa kuweka shilingi 50,000, konstrakta, yaani maagizo ya klasi ya kuanzisha obijekti, hupokea thamani hizo na kuziweka mahali pake. Katika lugha ya programu ya Java, sehemu iliyosahauliwa hubaki na sifuri, au, ikiwa ni ya maandishi, hubaki tupu kabisa, na kosa hujitokeza baadaye sana, mbali na mahali lilipoanzia. Kotlin, lugha ya kampuni ya JetBrains ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2016 na ambayo sasa hutumika sana katika simu za Android, haingoji hadi huko: kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi kwa lugha ya kompyuta, hukataa klasi yenye sehemu isiyopewa thamani, isipokuwa pale mwandishi anapotamka wazi kwamba ataijaza baadaye, na akivunja ahadi hiyo programu husimama papo hapo sehemu hiyo inaposomwa.

Jambo linalotaka uangalifu mkubwa zaidi ni mfuatano. Ndani ya klasi moja, thamani za kwanza hutolewa kuanzia juu kwenda chini, kama zilivyoandikwa. Lakini klasi mtoto inaporithi klasi mzazi, yaani inapochukua sehemu na kazi zake, klasi mzazi huanzishwa yote kwanza. Tuseme AkauntiYaAkiba inarithi Akaunti na kujiongezea sehemu ya riba yenye thamani ya 10. Tuseme pia Akaunti, ikiwa bado inaanzishwa, inaita fanksheni (kipande cha programu chenye kazi maalumu) ya kuchapa taarifa, ambayo mtoto ameiandika upya ili ionyeshe riba. Taarifa itaonyesha riba ya 0, kwa sababu zamu ya mtoto haijafika, na kompaila haitakataa. Kwa maoni yangu huu ndio mtego mbaya kuliko yote katika mada hii, kwani sifuri ni namba halali na mwanachama anaweza kuisoma kwenye taarifa yake bila yeyote kushtuka.

Swift, lugha ya Apple iliyotangazwa mwaka 2014, imegeuza mfuatano huo: mtoto hulazimika kujaza sehemu zake mwenyewe kabla ya kuita konstrakta ya mzazi, hivyo fanksheni ile ingeikuta riba ikiwa tayari ni 10. Katika Kotlin jukumu hilo hubaki kwa mwandishi, ambaye anapaswa kuita fanksheni ya kuchapa akaunti ikiwa imekwisha kuanzishwa yote, wala si ndani ya uanzishaji wa klasi mzazi.