Tathmini ya mwalimu ianzie kwenye madaftari ya wanafunzi

Mwaka wa masomo ukielekea ukingoni, fomu za tathmini za walimu hutolewa makabatini. Wiki hiyohiyo kuna mitihani ya kusahihisha na ripoti za wanafunzi za kujaza, kwa hiyo unaweza kukisia ni kazi ipi inayoachiwa dakika kumi za mwisho. Nimeshuhudia mwalimu akiandika mwezi wa Novemba malengo ambayo eti alijiwekea Januari, mwalimu mkuu akamwekea alama, wote wawili wakatia saini, na muda wote huo mtoto amesimama mlangoni anaomba chaki.

Mimi ni mshauri wa masomo huku Pemba, zaidi hisabati. Walimu wakuu huniuliza namna ya kuiboresha fomu, na jawabu langu huwaudhi kidogo: iacheni kama ilivyo. Fomu ni karatasi ya utumishi. Inaingia kwenye faili, na faili linafika kwa watu wanaoamua nani apande daraja. Mwalimu anajua hivyo. Nani atakiri kuwa darasa la tano linamshinda kwenye hesabu za sehemu, mbele ya karatasi inayogusa mshahara wake? Ataandika kwamba anahitaji vifaa zaidi. Kweli anavihitaji, lakini silo alilokuwa nalo moyoni.

Alama ikikaa pamoja na ushauri, ushauri hausikiki. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha jaribio alilowafanyia wanafunzi wa Israel. Kundi moja lilirudishiwa kazi likiwa na maoni peke yake, jengine alama peke yake, jengine vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake walisonga mbele. Waliopewa alama na maoni pamoja hawakufaidika na yale maoni. Hao ni watoto, utasema. Lakini mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu watu wanaopewa mrejesho wa kazi zao. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyapima, utendaji ulishuka. Kadiri mrejesho ulivyomgusa mtu mwenyewe badala ya kazi yake, ndivyo ulivyozidi kupoteza nguvu.

Basi kikao cha kujifunza kifanywe katikati ya mwaka, mbali kabisa na kikao cha alama, na fomu isiletwe mezani. Yaletwe madaftari. Mwalimu mkuu achomoe sita kutoka kwenye rundo bila ya kuchagua, wayafunue pamoja.

Daftari la kwanza lina 1/2 + 1/3 = 2/5, limepigwa mkasi kwa wino mwekundu, na swali linalofuata lina kosa lilelile. La pili hivyohivyo. La tatu limepata yote, ila hatua zake zinafanana neno kwa neno na zile zilizokuwa ubaoni. Hapo hakuna haja ya kumhukumu mtu. Muulize tu: “Mwalimu, hawa walifikiri nini walipoandika mbili ya tano?” Atajibu papo hapo: wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Swali zito ni la pili: “Uligundua lini?” Akisema ni leo, kwenye meza hii, mmeshapata kazi ya miezi mitatu, nayo ni namna ya kulinasa kosa hilo ndani ya kipindi. Pengine kwa kuwauliza watoto: mtu ana nusu ya mkate wa kumimina, akaongezewa theluthi, vipi abaki na chini ya nusu? Mbili ya tano ni chini ya nusu. Mtoto akishaliona hilo, jibu lake mwenyewe linaanza kumtia shaka.

Kuingia darasani nako kuna mitego. Ukitoa taarifa wiki nzima kabla, utaonyeshwa somo la wageni: manila mpya, maswali yaliyokwisha kujibiwa jana, na mtoto anayenyoosha mkono kabla swali halijamalizika. Napendelea mwalimu achague mwenyewe kipindi kinachomsumbua, nami niangalie jambo moja tu, kama vile muda anaosubiri baada ya kuuliza. Mmarekani Mary Budd Rowe aliupima muda huo katika madarasa ya sayansi, na matokeo aliyoyachapisha miaka ya 1970 yalionyesha kwamba walimu husubiri kiasi cha sekunde moja. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitokeza kujibu. Saa ya mkononi inatosha kupima hilo, hata darasa likiwa na watoto sabini.

Kwetu Pemba kuna na karafuu. Msimu ukiwa mzuri, mahudhurio hushuka, na mwalimu anayehukumiwa kwa wastani wa darasa lake anahukumiwa kwa mavuno. La haki kumuuliza ni kile alichowafanyia watoto waliporudi.

Kuhusu muda, sitadanganya. Skuli yenye mikondo miwili haina chumba kitupu wala saa ya ziada. Wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia, na Ijumaa ni fupi. Mwalimu mkuu mwenye walimu hamsini hawezi kukaa na kila mmoja. Agawane kazi hiyo na wasaidizi wake na walimu wazoefu wa masomo, dakika ishirini kwa kila mtu. Wengine watalalamika kwamba mwalimu mwenzao hana cheo cha kuwakagua, na watakuwa na haki ikiwa kinachofanywa ni ukaguzi.

Kisha kuna ile sentensi ya kufungia kikao: “Mwalimu apatiwe semina.” Mimi huomba ifutwe. Semina zina faida yake, na vituo vya walimu vipo kwa ajili hiyo, lakini sentensi ile haimpeleki mtu popote. Iandikwe hivi: Jumatatu ya wiki ya pili, kipindi cha tatu, ataingia darasa la sita kwa mwenzake kutazama anavyofundisha sehemu, na darasa lake litashikwa na mwalimu mkuu msaidizi. Jina la atakayeshika darasa liandikwe kabla ya watu kuinuka. Hilo ndilo husahaulika, na Jumatatu ikifika mwalimu haendi, maana hawezi kuwaacha watoto peke yao.