Radio Tanzania: kila alipobadilika mwenye kituo, vipindi navyo vilibadilika

Vijana wanaoniuliza habari za Radio Tanzania huanza na watangazaji: nani alisoma taarifa ya habari, nani alitangaza mpira, nani alikuwa na sauti nzito kuliko wenzake. Nawaelewa, maana sauti ndiyo inayobaki kichwani. Lakini mimi ninayejishughulisha na historia ya utangazaji na kanda za zamani huwaomba waanze na maswali mawili. Kituo kilikuwa cha nani wakati huo? Na mlingoti wake ulifika wapi? Ukishajua hayo, vipindi vyenyewe vinaanza kueleweka.

Kituo kilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na jina halikudanganya. Ilikuwa redio ya mji. Mtambo ulikuwa mdogo, mwenyewe alikuwa serikali ya kikoloni, na msikilizaji aliyekusudiwa alikuwa Mwafrika wa mjini anayejua Kiswahili. Mtu wa Songea au Bukoba hakuwamo kwenye hesabu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, kwa mfano wa BBC: shirika la umma lenye bodi yake, lisilokuwa idara ya serikali moja kwa moja. Mitambo ikaongezwa nguvu, na kituo cha mji kikaanza kuwa kituo cha nchi. Uhuru wa Desemba 1961 ulilikuta shirika hilo, na kwa miaka michache likaendelea hivyo hivyo.

Mwaka 1965 serikali ililivunja. Kituo kikawekwa chini ya wizara, kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Naona uamuzi huo hauwezi kutenganishwa na yaliyotokea mwaka uliotangulia. Januari 1964 John Okello alitangaza mapinduzi ya Zanzibar kupitia redio ya huko, na siku chache baadaye askari waliasi Dar es Salaam. Kiongozi yeyote aliyeyaona hayo alijua uzito wa maikrofoni.

Huyu mwenye kituo mpya alikuwa na shabaha yake: kujenga taifa, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, kujenga ujamaa. Hata sauti ya kuitambulisha taarifa ya habari ilitoka nyumbani. Zilikuwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona aliyeweza kupiga ngoma nyingi peke yake, amezipanga kumzunguka. Ngoma zile zikilia, watu waliacha mazungumzo.

Kipindi ninachopenda kukieleza kuliko vyote katika enzi hiyo ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wengi hudhani ilikuwa mahubiri ya usafi yaliyosomwa hewani. Haikuwa hivyo. Vikundi viliundwa vijijini, kila kimoja na kiongozi aliyepewa mafunzo. Siku ya kipindi wanakijiji walikusanyika kwenye redio moja, wakasikiliza, kisha redio ikazimwa na kiongozi akafungua kijitabu. Hapo ndipo kazi ilipoanza: maji tunayokunywa yanatoka wapi, mbu wanazaliana wapi, nani ana choo na nani hana. Mjadala uliishia kwenye makubaliano ya kazi, na kazi ikafanyika: vyoo vilichimbwa, vichaka vikafyekwa, vidimbwi vikafukiwa. Kampeni ilichukua wiki 12, viongozi wa vikundi walikuwa kama 75,000, na walioshiriki walifika milioni mbili hivi. Redio ya biashara haiwezi kupanga kitu cha namna hiyo, kwa sababu kampeni ilihitaji kituo, walimu, watumishi wa afya na chama vyote viwe chini ya mkono mmoja. Sisemi mkono huo ulikuwa mwepesi kila mahali. Nasema ndio uliowezesha.

Sasa muziki, ambao ndio urithi mkubwa wa RTD. Tazama bendi za wakati ule zilikuwa za nani. NUTA Jazz, baadaye JUWATA, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa. Jeshi, polisi na magereza nao walikuwa na bendi zao. Maana yake mwenye redio na mwenye gitaa walikuwa, kwa kiasi kikubwa, mtu mmoja. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo studio ya RTD pale Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa kurekodi. Aliyetaka santuri alilazimika kwenda Nairobi.

Bendi iliingia studio kwa zamu na kurekodi nyimbo kadhaa kwa mkupuo. Wote walipiga pamoja, solo, ridhimu, besi, ngoma, tarumbeta na waimbaji, moja kwa moja kwenye kanda ya rili yenye upana wa robo inchi. Mpiga tarumbeta akiteleza, wimbo ulirudiwa tangu mwanzo. Ndiyo maana nyimbo zile zina nidhamu unayoisikia hata leo: hakuna aliyetegemea fundi amrekebishie baadaye. Nyimbo hazikutungwa kwa ajili ya duka la santuri, zikaachiwa nafasi ya kutembea. Wimbo wa Sikinde, yaani Mlimani Park, ulianza taratibu kwa masimulizi ya ndoa au ya ulevi, kisha katikati ukafunguka kwa chemko la magitaa na tarumbeta, na kituo hakikuwa na tangazo la sabuni la kuukatisha.

Mlingoti nao ulikuwa na lake. RTD ilitumia zaidi masafa ya kati na masafa mafupi. Mawimbi ya masafa ya kati mchana hutambaa ardhini. Usiku huakisiwa na tabaka la juu la angahewa na kwenda mbali zaidi, ndiyo sababu nyimbo za Dar zilipendwa hadi Kenya. Masafa mafupi huruka umbali mkubwa zaidi kwa njia hiyo hiyo, na Idhaa ya Nje iliyatumia kuzipa nafasi ANC, FRELIMO, SWAPO na harakati nyingine za ukombozi zizungumze na watu wao kutoka Dar es Salaam. Na Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotamka kwamba tunao uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin, kijiji kilichokuwa na redio moja ya betri kilisikia.

Mwaka 1993 mambo mawili yalikutana. La kwanza ni mchezo wa redio Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mtu wa wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyebaki na mzigo wa nyumba. Watafiti walitumia mlingoti kama chombo cha kupimia: mchezo ulirushwa sehemu nyingine za nchi lakini Dodoma iliachwa hadi 1995, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi mchezo ulikosikika, na Dodoma nayo ikafuata ulipofika kwake.

La pili ni sheria mpya iliyoruhusu redio za watu binafsi. Mwaka 1994 zikaja Radio One na Radio Tumaini, na watangazaji waliolelewa RTD, kama Charles Hilary na Julius Nyaisanga, wakahamia Radio One. Hizi zilikuwa redio za FM. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka, hufika makumi ya kilomita tu, lakini sauti yake ni safi kabisa. Kwa mwenye kituo anayeishi kwa matangazo ya biashara hilo linatosha, maana wanunuzi wako mjini. Kipindi kikageuka kuwa saa nyingi za mtangazaji mmoja, muziki na simu za wasikilizaji, na Bongo Fleva ikapata nyumba. Baada ya miaka arobaini na kitu, redio ya mji ilikuwa imerudi Dar es Salaam, safari hii ikiwa na mwenye duka.

RTD yenyewe iliunganishwa na Televisheni ya Taifa mwaka 2002 kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT, na mwaka 2007 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, Tido Mhando akiwa mkurugenzi baada ya kutoka BBC. Kwa umbo, tumerudi kwenye shirika kama lile la 1956. Leo TBC Taifa hubeba wajibu wa kitaifa na TBC FM huwania masikio ya mjini.

Kanda za Barabara ya Pugu zimevuka majina hayo yote, na hizo ndizo zinazoninyima usingizi. Kanda ya rili haisubiri. Gundi inayoshika unga wa sumaku hulainika kwa joto na unyevu wa pwani, na mashine za kuichezea ni chache, vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Kuihamishia kwenye kompyuta huchukua muda ule ule wa kuisikiliza, hakuna njia ya mkato. Kasha likipoteza karatasi yake ya maelezo, unabaki na wimbo usiojua nani aliimba, nani alipiga solo, wala mwaka gani. Ningepewa nafasi ya kupanga kazi hiyo, ningeanza na wanamuziki na mafundi mitambo walio hai, kabla ya mashine yoyote mpya. Wawekewe kanda moja baada ya nyingine, na kila jina watakalolitaja liandikwe siku hiyo hiyo.