Maji yatembeayo ubongoni: yasemwayo kuhusu MRI na yaliyo kweli

Mgonjwa wa Kigoma akipewa rufaa ya Mwanza au Dar es Salaam kupigwa MRI ya kichwa, picha ya ndani inayoweza pia kupima mwendo wa maji ubongoni, kila mtu ana ushauri, kuanzia shangazi hadi abiria wa kiti cha jirani. Mwingi si sahihi, na kwenye kiharusi upotoshaji huo unaumiza watu.

“Ile mashine ina mionzi inayochoma ubongo.” Haina. Mionzi iko kwenye eksirei na CT scan, ambayo nayo hutumia eksirei. MRI hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. La kuangalia ni chuma: kama una kifaa cha moyo au kipande cha chuma mwilini, sema mapema.

“Wanapima maji ya ubongo? Basi ana kichwa kikubwa.” Hapana. Maji hayo yamo ndani na katikati ya seli za kila ubongo, hata ulio mzima, na molekuli zake hazitulii. Wanasayansi Stejskal na Tanner walieleza mwaka 1965 jinsi ya kupima mwendo huo kwa sumaku. Miaka ya 1980 mtafiti Mfaransa Denis Le Bihan akauingiza kwenye picha za ubongo. Kwa sekunde 0.05, maji huru yenye joto la mwili husogea kama maikromita 17 upande mmoja. Ubongoni hufika 9 tu, chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, kwa sababu tando za seli huyabana kama umati unavyombana mpita njia soko la Mwanga. Mshipa wa damu ukiziba, seli huvimba ndani ya dakika chache, maji yakabanwa zaidi, na eneo hilo likang'aa pichani.

“CT scan ilikuwa safi, kwa hiyo si kiharusi.” Hili ndilo linaloniuma zaidi. CT ni hodari wa kuonyesha damu iliyovuja, lakini mshipa ulioziba mara nyingi hauachi alama ya wazi humo saa za mwanzo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri MRI. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze.

“Panapong'aa pote pana kiharusi.” Jipu la ubongo nalo hung'aa. Daktari hulinganisha na ramani ya mwendo wa maji na picha nyingine kabla ya kusema neno.

“Zile nyuzi za rangi kwenye picha za MRI ni neva zenyewe zimepigwa picha.” Ni makadirio ya kompyuta kutokana na upande ambao maji hupita kwa urahisi. Nukta moja ya picha kwa kawaida ina upana wa milimita 2 hivi, na humo hupita maelfu ya nyuzi za neva ambazo mashine haiwezi kuzitenganisha.