Miaka 12 ya kupanga haimpi mpangaji nyumba

Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp nchini Kenya hudai kwamba mpangaji akikaa miaka 12 katika nyumba moja, nyumba huwa yake. Si kweli. Miaka hiyo imo katika sheria ya ukomo wa madai (inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi), Sura ya 22 ya sheria za Kenya, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa, lakini inamhusu aliyekalia ardhi waziwazi bila idhini ya mwenyewe, naye pia hana budi kwenda mahakamani. Anayelipa kodi anaishi kwa idhini, na kila ujumbe wa malipo ulio simuni mwake unathibitisha hivyo. Tafadhali tusiusambaze ujumbe huo wa miaka 12, kwani humtia hofu bure mzee anayetegemea vyumba viwili vya kupangisha. Anayetaka kuhakikisha asome vifungu vya 7 na 38 vya sheria hiyo, kisha mkataba wake.