Bibi aliyetawishwa naye ni chanzo

Kila msimu wa tasnifu nakutana na maneno haya haya pembezoni mwa rasimu: "Nimekitoa, Mwalimu, si chanzo cha kitaaluma." Nikiuliza kilichotolewa ni nini, naambiwa ni makala ya gazeti au mahojiano na mwandishi. Nikitazama kilichobaki, nakuta PDF isiyo na jina la jarida wala mwaka, kazi ya darasani ya mwanafunzi wa nchi nyingine, imenukuliwa kwa heshima zote kwa kuwa ina ikisiri na orodha ya marejeleo. Huko ni kununua samaki kwa kutazama kapu.

Nawaandikia hasa wanaochambua ukandamizaji wa wanawake katika riwaya za distopia, yaani zinazobuni jamii yenye utawala wa kutisha, maana huko ndiko imani hii inakoharibu kazi nyingi.

La haraka kwanza. Makala huwa ya kitaaluma kwa sababu wajuzi wa fani waliisoma kabla haijatoka, wakauliza "umejuaje?", na mwandishi akajibu kwa ushahidi unaofuatika; ndiyo mapitio hayo. Basi. Kiingereza kigumu hakimo, umbo la faili halimo. Tafuta jina la jarida, angalia bodi yake ya wahariri, fungua toleo lenyewe uone kama makala yako imo.

Sasa lenye uzito. Usiulize tu kama chanzo ni kizuri. Uliza ni chanzo cha nini. Chukua riwaya ya The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, iliyotoka 1985. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakutia humo jambo ambalo binadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani. Alipokuwa akiandika alikata vipande vya magazeti akavihifadhi, na leo vimo katika maktaba ya Thomas Fisher ya Chuo Kikuu cha Toronto, ambako watafiti huvisoma. Mfano wa yaliyokwisha kutendwa ni Romania: mwaka 1966, serikali ya Nicolae Ceaușescu ilitoa Amri namba 770 iliyowakataza wanawake walio wengi kutoa mimba ili idadi ya watu iongezeke, na amri ile haikuondoka mpaka utawala ulipoanguka Desemba 1989. Sasa wewe unaandika juu ya Wajakazi wa Gilead, utawala wa kubuni katika riwaya hiyo, wanawake wanaogawiwa kwa Makamanda wawazalie watoto, halafu unatupa magazeti! Umetupa ushahidi wa namna riwaya ilivyotungwa. Na mahojiano ya mwandishi ni chanzo cha msingi kuhusu alichokusudia. Hayakupi neno la mwisho juu ya maana ya riwaya, na hapo ndipo unapowahitaji wahakiki.

Riwaya yenyewe imelizungumza jambo hili, tena katika sehemu ya mwisho ambayo wengi huiruka wakidhani ni kiambatisho. Ni mwaka 2195. Profesa Pieixoto amesimama mbele ya kongamano kuzungumzia kanda thelathini hivi zenye sauti ya mwanamke aliyeishi kama Mjakazi. Anatania, ukumbi unacheka. Anahangaika zaidi kumtambua Kamanda alikuwa nani, na anasikitika kwamba mwanamke yule hakuacha japo kurasa chache kutoka kompyuta ya Kamanda. Umetoka kusoma mateso ya mtu kwa mdomo wake mwenyewe, na msomi anaulizia nyaraka za mkubwa. Kila nikiifundisha sehemu hii hasira inanipanda upya.

Ndiyo maana mwanafunzi wangu anayeilinganisha riwaya hii na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) nilimrudishia rasimu nzima. Alikuwa amefuta ukurasa wa mahojiano na bibi yake wa Wete, Pemba, aliyetawishwa, yaani aliyefungiwa ndani asionekane na wanaume wa nje, tangu alipovunja ungo mpaka siku ya harusi yake. Maimuna wa Utengano naye anafungiwa ndani na babake, Maksuudi, skuli hapelekwi. Bibi anajua mlango ulivyofungwa, nani alikwenda kisimani, nani aliingia na khabari za nje na kwa kisingizio gani. Mweke panapomstahili: ni shahidi wa kutawishwa, si mhakiki wa Utengano. Omba ridhaa yake, andika tarehe na mahali, na maneno yake yakigongana rudi umuulize.

Msinielewe kwamba kila blogu sasa ruhusa. Tamthilia ya televisheni ya The Handmaid's Tale iliyoanza 2017 imewachanganya wengi. Waandishi wa mtandaoni humwita msimulizi June, wakati riwaya haisemi wazi jina lake la asili. Katika riwaya, utawala unawahamisha watu weusi kwa nguvu. Katika tamthilia, Moira, rafiki wa msimulizi, na Luke, mumewe, ni weusi na wamo katikati ya kisa. Ukijenga hoja ya rangi kwa kutegemea blogu ya tamthilia kisha ukataja riwaya, hoja imeanguka kabla mtahini hajafungua sura ya pili.

Na taaluma nayo inanitia mashaka. Riwaya ya Swastika Night, ambamo wanawake hufungiwa vizimbani wawe wa kuzaa tu, ilitoka 1937, miaka 12 kabla ya Nineteen Eighty-Four ya George Orwell. Ilitoka kwa jina la kiume, Murray Constantine. Mpaka miaka ya 1980 ndipo mhakiki Daphne Patai alipoweka wazi kwamba mwandishi ni Katharine Burdekin. Ni kazi ya kitaaluma iliyomfufua, nami naiheshimu kwa hilo. Lakini majarida na mapitio yake yalikuwepo muda wote aliosahauliwa, na sioni kilichobadilika kiasi cha kunihakikishia kwamba leo hatuachi mwingine kama yeye.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza afanyeje na insha ya mhakiki aliyebobea iliyotoka gazetini bila mapitio, namwambia aitumie, aseme wazi imetoka wapi, na aeleze kwa nini anamwamini mwandishi wake. Wapo watahini watakaomkata alama. Nitamtetea kwenye kikao.